Kazi za Programu Huria: Cheti Hakitoshi

Tangu ilipotangazwa, mwaka 2022, azma ya kuifanya Zanzibar kuwa makao ya makampuni ya teknolojia, mpango uliopewa jina la Silicon Zanzibar, maneno mengi mema yamesemwa juu ya vijana wetu. Wapo wanaoamini kwamba vijana hao wataandika programu za kompyuta kwa ajili ya Ulaya, Ghuba na Marekani hali wamekaa Fumba, Michenzani au Chake Chake, na ujira wao ukawafikia huku huku. Wapo pia wanaosema kwamba mlango ulio karibu zaidi ni ule wa programu huria, yaani programu ambazo maandishi yake ya ndani yamewekwa wazi, kila mtu akaweza kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha. Haya ni maneno ya kutia moyo, nasi hatuna sababu ya kuyapinga.

Lakini liko swali ambalo kila ofisa mwenye dhamana ya elimu, ajira au fedha za umma hana budi kujiuliza. Mnunuzi wa kazi hiyo, aliye mbali na asiyetujua, akitutazama leo ataona nini? Jawabu letu ni kwamba ataona vyeti vingi na kazi chache mno zenye majina yetu. Na katika biashara hii khasa, cheti ni karatasi ya mwisho kusomwa, kama inasomwa.

Neno huria limewapotosha wengi, wakadhani kwamba kisicholipiwa hakina soko. Ni kweli kwamba mtu yeyote anaweza kuichukua Linux, aliyoianza kijana wa Kifini aitwaye Linus Torvalds mwaka 1991, akaitumia bila ya kulipa hata senti moja. Hata hivyo Red Hat, kampuni ambayo biashara yake kubwa ilikuwa kuitunza Linux hiyo hiyo kwa niaba ya wateja, ilinunuliwa na IBM mwaka 2019 kwa dola za Marekani zipatazo bilioni 34. Kilichonunuliwa hakikuwa maandishi, kwani maandishi ni ya kila mtu. Walionunuliwa, tukiweza kusema hivyo, ni watu wanaoyajua maandishi hayo na wateja wanaowaamini watu hao.

Waliosoma chuoni na kukaa katika darsa za misikiti yetu hawatapata taabu kulifahamu jambo hili. Matini ya kitabu ni ya umma, anayetaka atanakili. Pambizoni mwake wanazuoni huandika hashiya: mmoja akasherehesha, mwingine akasahihisha, na kila mmoja akatia jina lake ili ijulikane nani kasema nini na kapokea kwa nani. Hakuna anayemlipa mwenye kitabu kwa kukisoma. Lakini mwalimu aliyekisoma mpaka akaweza kukifafanua hufuatwa kutoka miji ya mbali. Programu huria zinakwenda kwa utaratibu unaokaribiana sana na huo.

Maandishi ya programu huwekwa katika ghala la wazi mtandaoni. Mtumiaji akigundua kasoro huandika taarifa, akaeleza nini kimetokea, kwa mashine gani, na hatua zipi zikifuatwa kasoro hiyo itaonekana tena. Mwingine, au yeye mwenyewe, huandika marekebisho, ambayo mafundi huyaita kiraka. Watunzaji wa programu hukisoma kiraka hicho mstari kwa mstari mbele ya macho ya watu wote. Hukirudisha mara mbili, mara tatu, wakidai maelezo zaidi au majaribio zaidi. Kikikubaliwa, jina la mwandishi na tarehe hubaki humo kwa kudumu. Na kikikataliwa, majibizano nayo hubaki. Kampuni ya Berlin au Dubai inapotafuta fundi wa kuitunza programu ya namna hii haianzi kwa kufungua bahasha ya vyeti. Hufungua ghala, ikatazama fulani aliandika nini, alijibu vipi aliposahihishwa, alikasirika au alirekebisha, na je, mwaka wa pili alikuwapo bado. Wazee wetu walisema chema chajiuza. Hapa chema hujiuza kwa sababu kimeanikwa.

Wala si ufundi peke yake unaopimwa. Mwezi Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, aligundua kwamba ndani ya xz, chombo kidogo cha kubana mafaili kinachotumika katika mifumo mingi ya Linux, mlikuwa mmefichwa mlango wa siri. Aliyeutia alijiita Jia Tan. Kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa akileta viraka vyema, akimsaidia mtunzaji wa chombo hicho aliyekuwa amechoka na karibu yu peke yake, mpaka akaaminiwa na kukabidhiwa funguo. Tukio hilo liliwashitua watunzaji duniani kote, na ni haki yao kumtazama mgeni kwa jicho kali zaidi. Kwa nchi isiyokuwa na majina katika maghala hayo, maana yake ni kwamba mlango umezidi kuwa mzito. Uaminifu wa namna hii hauletwi na ujumbe wa biashara wala na kijitabu chenye picha za fukwe zetu.

Je, hatuna pa kuanzia? Tunapo, na ndiyo maana tunaandika.

Mfumo wa takwimu za afya ujulikanao kama DHIS ulizaliwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya kuanguka kwa ubaguzi wa rangi, na ukaendelezwa pamoja na Chuo Kikuu cha Oslo. Toleo lake la sasa, DHIS2, linatumika katika nchi zaidi ya 70. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuupokea mfumo huo, katikati ya miaka ya 2000, wakati nchi nyingi kubwa kuliko sisi bado zilikuwa zikijumlisha wagonjwa kwa kalamu. Huko Bara, kundi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam limefika mahali pa kutengeneza sehemu za mfumo huo ambazo hutumiwa na nchi nyingine. Vilevile mpango wa Jamii ni Afya umewatia simu mikononi wahudumu wa jamii zaidi ya 2,000 wa Unguja na Pemba, wanaowatembelea wajawazito na watoto majumbani, na programu iliyo ndani ya simu hizo imejengwa juu ya msingi wa programu huria. Na tangu mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilirusha ndege ndogo zisizo na rubani juu ya visiwa vyetu ikapiga picha za kila mtaa na kila shamba, kisha picha hizo zikawekwa wazi kwa matumizi ya ulimwengu.

Kazi hii ya ramani inafaa kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake mna sifa yetu na upungufu wetu kwa pamoja. Mwaka 2018 picha hizo zilitumika katika shindano la kimataifa la kuifundisha mashine kutambua mapaa ya nyumba. Mapaa yalikuwa yetu, ya makuti, ya bati na ya saruji. Waliorusha ndege walikuwa vijana wetu, wakatembea juani. Lakini elimu ya thamani zaidi, ile ya kuandika programu inayoyasoma mapaa hayo, ilivunwa na walioshindana kutoka pande mbalimbali za dunia. Hali hii tunaijua tangu zamani. Karafuu na mwani vinaondoka katika magunia, na thamani inaongezwa mahali pengine. Tukiingia katika soko la programu kwa kazi za kukusanya, kubandika alama na kujaza majedwali tu, tutakuwa wachumaji wa pishi katika shamba jengine.

Liko funzo jengine la karibu. Disemba 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyozungumza Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia, na faharasa yake ya maneno ya kompyuta ilikuwa hazina. Hata hivyo maofisi yetu hayakuipokea. Waliotafsiri walimaliza mradi, na mradi ulipomalizika hapakuwa na mtu aliyeajiriwa kesho yake ili arekebishe neno moja lililokosewa. Programu ni kama paa la makuti. Asiyeezua na kuezeka tena hataambiwa siku ya kuvuja.

Tukija kwenye mafunzo, hapa hatuna budi kusema kwa uwazi. Kijana wetu anayesomea kompyuta hufundishwa lugha tatu au nne za programu, akafanyiwa mtihani wa karatasi, kisha mwaka wa mwisho akatakiwa atengeneze mfumo wake mwenyewe: mfumo wa maktaba, mfumo wa duka la dawa, mfumo wa mahudhurio. Hutengeneza peke yake, kuanzia msingi, kitu ambacho hakitatumiwa na mtu yeyote. Kazi ikishapewa alama huwekwa kabatini. Katika miaka yote hiyo hakufundishwa kuingia katika nyumba iliyojengwa na watu elfu moja kabla yake, akasoma maandishi ya wengine, akagundua tatizo liko chumba gani, akabadilisha mistari saba tu bila ya kuvunja kuta, na akaeleza kwa adabu kwa nini kabadilisha. Na kazi inayouzwa ng'ambo ndiyo hiyo ya mistari saba.

Pendekezo letu halihitaji jengo jipya. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aruhusiwe kuhitimu kwa viraka vitatu vilivyokubaliwa katika programu huria inayotumika kweli, akifika mbele ya jopo na majibizano yake na watunzaji, yote yakiwa wazi kusomwa. Anayependa afya aende DHIS2. Anayependa ualimu aende Moodle. Anayependa ramani aende QGIS. Mwalimu naye aanze yeye. Hawezi kumfundisha mtu kuogelea yule ambaye hajatia mguu baharini, na walimu wetu wengi, kwa wingi wa vipindi na uchache wa posho, hawajapewa nafasi ya kutia mguu.

Suala la lugha linakwenda pamoja na hili. Kiingereza tunachokifundisha ni cha kujibia mtihani, chenye insha ndefu na maneno makubwa. Maghalani panatakiwa kitu kingine kabisa: sentensi tatu fupi zinazosema nilitarajia hivi, nikaona vile, na namna ya kuliona tena ni hii. Kijana anayeona haya kuandika mbele ya wageni atasoma maghala miaka mitano bila ya kutoa neno. Na upande wa pili tunazo lugha mbili ambazo wengine hawana. Wako vijana wetu wanaoandika Kiswahili na kusoma Kiarabu kwa hati zake tangu utoto, na jamaa zetu wamejaa Muscat na miji ya Ghuba. Programu nyingi bado husumbuka na maandishi yanayokwenda kutoka kulia kwenda kushoto. Hapo pana kazi.

Tutazame kisiwa kingine cha Bahari hii hii ya Hindi. Sri Lanka si nchi tajiri, na ilikuwa na vita vya ndani mpaka 2009. Mwaka 2003 wataalamu wachache, miongoni mwao Sanjiva Weerawarana, waliunda Lanka Software Foundation kwa kusudi moja, kwamba vijana wa kisiwa hicho wawe waandishi wa programu huria na siyo watumiaji tu. Wimbi kubwa la tsunami lilipoipiga nchi tarehe 26 Disemba 2004, vijana hao waliandika Sahana, programu ya kutafutia watu waliopotea na kugawia misaada, nayo ikaja kutumika katika maafa ya nchi nyingine. Mwaka 2005 ilianzishwa WSO2, kampuni iliyojengwa juu ya programu huria na yenye wahandisi wake wengi Colombo, ambayo mwaka 2024 mfuko wa uwekezaji wa EQT wa Sweden ulitangaza kuinunua. Mpango wa Google wa kuwalipa wanafunzi wanaofanya kazi katika programu huria wakati wa likizo, Google Summer of Code, nao ulianza 2005. Na katika miaka 10 yake ya mwanzo hakuna chuo kikuu duniani kilichotoa wanafunzi wengi kuliko Chuo Kikuu cha Moratuwa. Si cha Marekani, si cha India. Wakubwa walimshika mkono mdogo, na aliyetangulia akamwonesha anayefuata namna ya kuandika barua ya maombi.

Hatusemi kwamba Sri Lanka ni pepo. Mwaka 2022 nchi hiyo ilishindwa kulipa madeni yake, umeme ukakatwa kwa masaa mengi, na wataalamu wengi wakahama. Wapo miongoni mwetu watakaosema: basi faida iko wapi, tukiwapa vijana wetu majina si watakimbia? Wengine watakimbia. Daktari anakimbia na mwalimu anakimbia, wala hatujafunga skuli kwa sababu hiyo. Tofauti ni kwamba kazi hii, kwa maumbile yake, haimlazimishi mtu kuhama. Ofisi za Berlin zinapofunguliwa saa tatu asubuhi, kwetu ni saa nne au saa tano kwa kufuata majira. Na Muscat hututangulia kwa saa moja tu. India na Ufilipino hawana ukaribu huo na Ulaya.

Ukaribu wa saa, hata hivyo, hauna maana ikiwa taa imezimika. Wasomaji wetu hawajasahau miezi mitatu ya giza, kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme wa baharini ulipoharibika na Unguja ikarejea kwenye kandili na majenereta. Waya mpya wa megawati 100 uliozinduliwa 2013 uliondoa balaa hilo kubwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja, na Afrika Mashariki ikabaki ikisuasua. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, intaneti ilifungwa nchini kwa siku kadhaa. Hatuandiki hapa kujadili sababu zake. Tunasema tu kwamba mwenye kazi aliye Amsterdam hatofautishi baina ya waya uliokatika, mtambo uliolala na amri iliyotolewa. Yeye huona fundi hajibu, na kiraka chake kinasubiri. Wizara inayotafuta kazi za ng'ambo na wizara yenye mamlaka juu ya mawasiliano hazina budi kuketi meza moja kabla ya siku kama hizo, siyo baada yake.

Kuna hoja ya akili mnemba, na ni nzito. Mashine sasa zinaandika maandishi ya programu, na zile kazi nyepesi ambazo mwanafunzi alikuwa akianzia zinapungua. Lakini mashine zimeleta taabu yao pia. Daniel Stenberg, Msweden anayeitunza programu ya curl, amekuwa akilalamika hadharani tangu Januari 2024 juu ya taarifa za kasoro zilizotungwa na mashine, zenye maneno mazuri na zisizo na ukweli ndani yake. Watunzaji wamechoka kuzisoma. Atakayethaminiwa ni mtu anayeweza kusema, kwa dhamana ya jina lake, kwamba hili nimelijaribu na ni kweli. Kijana anayetuma alichoandikiwa na mashine bila ya kukielewa atajiharibia yeye, na pengine atawaharibia wenzake wa visiwa hivi watakaokuja nyuma yake.

Sehemu kubwa ya wajibu iko kwa Serikali yenyewe, maana ndiyo mnunuzi mkubwa wa programu Visiwani. Kila mara idara inaponunua mfumo uliofungwa, ikaingia mkataba wa matengenezo na kampuni ya ng'ambo, inapeleka nje mishahara pamoja na darasa. Maofisa wengine huogopa kwamba programu iliyo wazi ni nyumba isiyo na kitasa. Wanachanganya mambo mawili. Kila seremala wa Mji Mkongwe anajua komeo linavyofanya kazi, na watu hulala salama kwa kuwa ufunguo wanao wao. Majina ya wagonjwa na hati za viwanja ndiyo siri. Namna programu inavyojumlisha si siri.

Vifungu vitatu katika mikataba vingetosha kwa kuanzia. Kwanza, maandishi ya mfumo wowote uliolipiwa na fedha za umma yabaki mikononi mwa Serikali. Pili, kila mkataba wa matengenezo uwe na vijana wawili wa hapa wanaoandika, siyo wanaosindikiza mgeni na kumfungulia mlango wa chumba cha mitambo. Tatu, pale ambapo mfumo umejengwa juu ya programu huria, marekebisho yarudishwe katika ghala lake kwa majina ya waliyoyaandika. Posho ya vijana 20 kwa miezi 18, wakikaa chini ya mafundi wenye uzoefu na kupimwa kwa viraka vilivyokubaliwa, ni fedha ndogo ikilinganishwa na leseni. Na ukitafutwe mapema utaratibu mwepesi wa benki zetu kupokea malipo madogo madogo kutoka nje, kwani fundi anayelipwa dola 200 na akakatwa sehemu kubwa njiani hatafanya kazi ya pili.

Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi watakapoyapitia makadirio ya wizara zinazohusika, wana fursa ya kuacha kuuliza ni vijana wangapi wamepewa vyeti vya kompyuta. Waulize katika mifumo ya afya, ardhi na mapato inayotumika hapa ni marekebisho mangapi yaliyoandikwa mwaka uliopita, na katika hayo ni mangapi yenye majina ya watu wa Unguja na Pemba.